Shingo Inapokataa Kutoa Salamu



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyetupa viungo na akatupa amana ya kuvitunza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya kiungo ambacho familia zetu hukisahau mpaka kitakapouma, nacho ni shingo. Kilichotusukuma ni jambo lililoipata nyumba moja ya jamaa zetu huko Bagamoyo. Wenyewe wameturidhia kulisimulia bila ya kutaja majina, ili wengine wapate funzo.

Mzee wa nyumba hiyo aliifanya kazi ya uvuvi kwa zaidi ya miaka 40. Alipoiacha bahari, akabaki kuwa muadhini wa msikiti wa mtaani kwao. Wa kwanza kugundua kuwa ana jambo walikuwa wajukuu. Walimwona kwamba anapotoa salamu mwishoni mwa swala, hageuzi uso tena, bali hugeuza kifua na mabega kwa pamoja. Wakacheka kitoto, kisha wakamwambia bibi yao. Bibi akasema ni mto wa kulalia na baridi ya usiku. Akaitwa mchuaji, naye akamchua mzee kwa mafuta ya nazi siku tatu mfululizo. Shingo ikalegea kidogo, kisha ikarudi vile vile.

Kijana mkubwa wa nyumba hiyo, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa ameona katika simu yake watu wananyooshwa shingo kwa mkono mmoja wa ghafla, shingo inalia, nao wanainuka wakitabasamu. Akaja Ijumaa akasema, "Baba, kesho nakupeleka mjini kwa mtaalamu wa kairopraktiki." Mama yake akakataa, akasema mchuaji anatosha. Mabishano yakawa makubwa, mpaka binti wa mzee, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alipouliza swali moja tu: "Baba, mbona siku hizi vifungo vya kanzu unafungiwa na mjukuu?"

Tutarudi kwenye swali hilo. Kwanza tuitazame shingo yenyewe.

Shingo na swala

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7, nazo hubeba kichwa ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Pingili mbili za juu kabisa ndizo zenye sehemu kubwa katika kugeuza uso. Takriban nusu ya mgeuko wote wa shingo hufanyika hapo. Ndani ya pingili hizo hupita kamba ya fahamu itokayo katika ubongo, ambayo huendesha mikono, miguu, haja ndogo na haja kubwa. Na pembeni mwake, kulia na kushoto, hupanda mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa sababu ya vitu hivi viwili, kamba ya fahamu na mishipa ya damu, shingo si kiungo cha kuchezewa kama tunavyoalisha vidole.

Muislamu anayesimamisha swala 5 hugeuza shingo yake kulia na kushoto mara 10 kwa siku katika faradhi peke yake. Imepokewa kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoa salamu kuliani na kushotoni mpaka weupe wa shavu lake ukaonekana. Muadhini naye hugeuza uso kulia anapowaita watu kwenye swala, na kushoto anapowaita kwenye kufaulu.

Hatusemi kwamba swala ni mazoezi ya viungo. Swala ni ibada, na nia yake ni moja. Tunalosema ni kuwa mwenye kutoa salamu kila siku ana mahali pa kujitazama. Ikiwa jana aliuona ukuta wa kushoto na leo hauoni bila ya kusogeza bega, amepata habari. Habari hiyo haitaki hofu, na wala haitaki kupuuzwa.

Namna ya kujipima nyumbani

Kabla ya yote, kuna mtu ambaye hapimwi nyumbani. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, aliyepata ajali ya bodaboda, au aliyepiga mbizi akagonga kichwa chini, asigeuzwe shingo na mtu yeyote. Alazwe atulie, kichwa kishikwe kisitikisike, na msaada wa hospitali utafutwe haraka.

Ama mwenye shingo iliyokakamaa tu, au asiye na maumivu anayetaka kujua hali yake, akae kwenye kiti, mgongo umenyooka na nyayo zote mbili zimegusa sakafu. Mwenziwe, mume au mke, au mtoto mkubwa, asimame nyuma na kumwekea mikono juu ya mabega kwa upole, ili ahisi iwapo mabega yanasogea. Kisha afanye mambo manne, polepole, bila ya kusukuma kichwa kwa mkono.

La kwanza, ageuze uso kulia mpaka ukomo wake, arudi katikati, kisha kushoto. Mtu mzima mwenye shingo nzuri hugeuka kiasi cha nyuzi 70 hadi 80, yaani kidevu hukaribia kuwa juu ya bega. La pili, ainamishe kidevu kuelekea kifuani. Kwa wengi hugusa kifua au hubaki nafasi ndogo ya kidole kimoja au viwili. La tatu, ainue uso kutazama dari. La nne, alaze sikio kuelekea bega bila ya kuliinua bega lenyewe. Nusu ya njia yatosha, kwani hakuna anayetakiwa kugusisha sikio na bega.

Aangalie mambo matatu: je, upande mmoja umepungua kuliko mwingine? Maumivu yanaanzia wapi, na je, yanateremka mkononi? Je, kuna kizunguzungu? Likitokea la mwisho, aache hapo hapo. Wala asizungushe kichwa mduara mzima kama wafanyavyo baadhi ya vijana viwanjani. Hakuna haja hiyo.

Yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe, na kipimo kirudiwe baada ya juma moja. Wazee wasilinganishwe na vijana, kwa sababu shingo hupungua mgeuko kadiri umri unavyosonga. Mlinganishe mzee na alivyokuwa mwezi uliopita.

Baada ya shingo, itazamwe mikono. Hapa ndipo wengi hawafiki. Mwambie mzazi wako afumbe ngumi na kuifumbua yote, haraka awezavyo, kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha mara 20 au zaidi. Mwombe afunge vifungo vya kanzu, ahesabu tasbihi kwa vidole, achambue dagaa kama alivyozoea. Kisha atembee hatua kumi akiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu wa pili, nawe uwe ubavuni mwake asianguke. Vidole vikiwa vizito na mwendo ukiyumba, tatizo halipo kwenye misuli peke yake. Huenda kamba ya fahamu inabanwa, na hapo kuchua na kunyoosha ni hatari.

Dalili zisizongoja

Ndugu msomaji, shingo nyingi zinazouma hazina ubaya mkubwa. Ni misuli iliyochoka. Mama zetu wa Mlingotini huinama majini saa nyingi katika mashamba ya mwani; wengine hubeba ndoo na matenga kichwani; watoto wa madrasa huinamia msahafu uliowekwa mapajani badala ya kuwekwa juu ya marufaa; na sote, wakubwa kwa wadogo, huinamia simu. Maumivu ya namna hii mara nyingi hupungua ndani ya majuma machache kwa kuendelea kujongea taratibu, kuweka kitambaa cha moto, kupumzisha mzigo, kulala na mto mmoja wa kadiri, na dawa ya kawaida ya maumivu kwa anayeruhusiwa kuitumia.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji majuma wala mchuaji. Ganzi au udhaifu wa mikono au miguu. Kuyumba katika kutembea. Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au kushindwa kuitoa. Homa pamoja na shingo kukakamaa na kichwa kuuma sana, kwani huo waweza kuwa ugonjwa wa utando wa ubongo, nao huua haraka. Kupungua uzito, kutokwa na jasho usiku, na maumivu yasiyopoa hata mtu alale, hasa kwa aliyepata kuugua kifua kikuu au saratani. Kifua kikuu huweza kuingia mpaka kwenye pingili. Maumivu ya shingo na kichwa yaliyoanza ghafla, ambayo mtu hajapata kuyaona maishani mwake, yakifuatana na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, shida ya kumeza au uso kupinda upande. Na maumivu ya shingo au taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua na jasho jingi, kwani huenda ni moyo.

Mwenye mojawapo ya hayo aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa walio Bagamoyo na vijiji vyake, ipo Hospitali ya Wilaya. Kwa Mkoa wa Pwani ipo Hospitali ya Rufaa ya Tumbi, Kibaha. Na kwa magonjwa makubwa ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu, taifa lina Taasisi ya MOI pale Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Kairopraktiki ni nini?

Wengi wanauliza juu ya tiba hii kwa sababu wameiona katika simu. Ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Yeye aliamini kuwa maradhi mengi husababishwa na pingili za mgongo zilizosogea mahali pake. Imani hiyo haikuthibitika. Hata hivyo, wataalamu wengi wa fani hii leo hujishughulisha na maumivu ya mgongo, shingo na viungo, na katika nchi kadhaa husomea vyuo vikuu kwa miaka mingi. Barani kwetu Afrika hufundishwa Durban na Johannesburg.

Inasaidia? Kwa maumivu ya kawaida ya shingo, wapo wanaopata nafuu, hasa ya muda mfupi. Lakini nafuu ya namna hiyo hiyo hupatikana kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayekijongeza kiungo polepole na kumfundisha mgonjwa mazoezi, bila ya kuinyoosha shingo kwa ghafla. Ile sauti inayowavutia vijana si mfupa unaorudi mahali pake; ni gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo. Shingo inaweza kulia isipone, na inaweza kupona isilie.

Hatari yake ni nini? Mgeuzo wa ghafla waweza kuupasua kwa ndani mshipa wa damu upandao ubongoni, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi. Jambo hili ni nadra, lakini likitokea ni zito. Tena linatatanisha, kwa sababu mshipa uliokwisha kupasuka wenyewe huanza kwa maumivu ya shingo, na maumivu hayo ndiyo humpeleka mtu kwa mnyooshaji. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu huuliza na kupima kwanza.

Hofu yetu kubwa hapa kwetu ni wale wanaowaiga wataalamu. Waliosomea fani hii nchini ni wachache, na wanaoiga ni wengi. Katika baadhi ya saluni za kiume, kinyozi akishamaliza kunyoa na kukanda kichwa, hushika kidevu akapinda shingo ya mteja huku na huku mpaka ilie, bila ya kuuliza hata umri wake. Vijana wetu hulipenda jambo hilo. Tunawaomba walikatae, kusema "shingo usiiguse" si kumvunjia kinyozi heshima.

Maswali ya kuuliza

Imepokewa katika vitabu vya Sunan kwamba Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Mafundisho haya yamnyanyue mgonjwa aulize, na yamtulize mtaalamu asikasirike anapoulizwa.

Kabla ya kumkabidhi mtu shingo yako au ya mzazi wako, muulize: Umesomea wapi? Umesajiliwa na nani? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili na kusimamia watoa tiba hizo. Aliyesajiliwa haoni tabu kuonyesha hati yake. Je, utanipima nguvu za mikono na miguu kabla ya kunigusa? Je, ninaweza kukataa mnyoosho wa ghafla nikapewa mazoezi tu? Nisipopata nafuu baada ya muda gani utanipeleka kwa daktari? Anayejibu kuwa tiba yake huponya kisukari, shinikizo la damu na ugumba kwa kunyoosha pingili, mwage kwa salama uondoke.

Dada zetu na mama zetu wana haki ya kuomba wahudumiwe na mwanamke mwenzao pale anapopatikana, na kuwa na mahram au mwanamke mwingine chumbani. Wasione haya kulisema hilo mapema.

Na aliyezuiwa na maumivu katika swala asijilazimishe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyozoeleka katika mwambao wetu, salamu ya kwanza ni nguzo, lakini kugeuza uso ni sunna. Imran bin Husain (r.a.), alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala hali ni mgonjwa, alielekezwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Asiyeweza kurukuu na kusujudu huashiria, na sijda yake huifanya ya chini kuliko rukuu. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake.

Mwisho wa habari ya mzee

Swali la binti liliwanyamazisha wote. Mzee akakiri kuwa vidole vyake vilikuwa vizito tangu miezi mingi, na kwamba mara mbili alijikwaa kizingitini mwa msikiti. Hakusema kwa sababu hakutaka kuwahangaisha watoto. Kijana hakumpeleka kwenye kunyooshwa, na bibi hakumwita tena mchuaji. Walikwenda hospitali. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, akamtazama anavyotembea, akaandika barua ya rufaa. Kipimo cha MRI kikaonyesha kuwa pingili zilizochakaa zilikuwa zinaibana kamba ya fahamu shingoni. Akafanyiwa upasuaji.

Hatutasema kuwa amepona kama kijana. Madaktari walimweleza mapema kuwa lengo ni kuzuia hali isizidi kuharibika, na nguvu zitakazorudi ni faida. Vifungo vya kanzu sasa anafunga mwenyewe, polepole. Shingo inageuka kidogo tu, naye huadhini akiwa ameelekea kibla bila ya kugeuka. Hakuna aliyemlaumu.

Lau angemwendea mtaalamu mwangalifu wa kairopraktiki, huenda naye angeona mikono ile akamwelekeza hospitali. Lau angemwendea mwigaji, shingo ingepindwa siku ile ile, na Allah ndiye ajuaye nini kingetokea. Hakuna aliyekosea nia katika nyumba ile; bibi alimtakia mumewe nafuu, na kijana alimtakia baba yake nafuu. Kilichopungua kilikuwa ni kutazama kabla ya kutenda.

Basi leo baada ya Isha, mkae na wazazi wenu. Watazameni wanavyotoa salamu. Waulizeni juu ya vidole vyao na mwendo wao, kwa upole na heshima, kwani wazee wetu hawasemi mpaka waulizwe.

Twamwomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu na atuhifadhie viungo vyetu katika utii wake. Amin. Tukutane juma lijalo, Inshaallah.

Wabillahi tawfiiq.